Nenda na swali lako: barua kwa mwanangu aliye Njombe

Uyole, Mbeya

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza jana jioni, nikausikiliza tena leo alfajiri kabla sijatoka kwenda shambani. Unasema ikisiri yako, ule muhtasari wa utafiti wako wa mbegu ya viazi, imekubaliwa, utasimama na bango la matokeo yako kwenye kongamano la watafiti wa kilimo Dar es Salaam mwezi wa kumi na moja, na ofisi yenu haina fungu la safari. Kisha ukaniuliza kwa ile sauti yako ya kuchoka: "Mama, kuna maana gani kumaliza akiba ya miezi mitatu nikasimame siku mbili kando ya bango, wakati matokeo yenyewe naweza kuyatuma kwa barua pepe?"

Nimeona nisikujibu kwa simu. Kwa simu ningesema "nenda" tukaagana, na wewe ungebaki na hesabu zako zilezile.

Matokeo yanatumwa kwa barua pepe, hilo ni kweli. Ingekuwa safari ni ya kupeleka matokeo tu, ningekuambia baki Njombe. Lakini wewe una swali, na swali la mtu ambaye bado hajulikani halijibiwi kwa barua pepe. Hili nalijua kwa kuumia, na sijawahi kukusimulia.

Mwaka 1994 nilikuwa fundi sanifu kijana katika maabara ya utafiti wa mazao. Kazi yangu ilikuwa kupima mnyauko wa viazi, ugonjwa unaoletwa na bakteria, kwa njia ambayo na wewe unaitumia hadi leo: unakata kipande cha shina, unakining'iniza kwenye glasi ya maji safi bila kuitikisa, na kama bakteria wamo, dakika chache tu unaona uzi mweupe kama maziwa ukishuka taratibu kutoka pale ulipokata. Mbegu ya viazi kutoka milima ya Uporoto ilikuwa inatutatiza. Kule juu shamba limesimama kijani, hakuna shina lililolala. Mbegu ileile ikishushwa mashamba ya chini kwenye joto, baada ya wiki chache mimea inalegea mchana kama iliyomwagiwa maji ya moto. Wakulima wa chini walisema wanauziwa mbegu mbaya kwa makusudi. Wa juu waliapa kwamba viazi vyao ni vizima. Mimi niliona wote wanasema kweli, ila sikujua inawezekanaje.

Mwaka huohuo mkubwa wangu wa kazi alinichukua kwenda Dar es Salaam kwenye kongamano, nimsaidie kubeba na kupanga zile karatasi za plastiki za kumulikia ukutani. Tulishuka kwa treni ya TAZARA. Siku ya pili alisimama mtafiti mgeni akaeleza jambo lilelile: kwenye baridi ya milimani bakteria wa mnyauko huishi ndani ya kiazi bila kuonyesha dalili yoyote, wakisubiri joto. Nilihisi mwili unasisimka. Muda wa maswali ukafika, mkono wangu ukabaki mapajani. Niliogopa Kiingereza changu, nikaogopa cheo changu, nikaogopa mkubwa wangu angeniona najitanguliza. Wakati wa chai yule mtafiti alikuwa amesimama peke yake dirishani na kikombe chake. Nilimpita mara mbili.

Tulirudi Mbeya. Ilituchukua misimu miwili kufika wenyewe mahali ambapo angenifikisha kabla chai haijapoa: chukua kiazi kinachoonekana kizima, kitunze kwenye joto wiki kadhaa, ndipo ukipime. Misimu miwili hiyo watu waliendelea kununua mbegu na kupanda ugonjwa kwa mikono yao. Ndiyo maana nakuambia nenda.

Wewe umesoma Mkwawa, Iringa, kwa hiyo habari ya Erasto Mpemba unaifahamu kuliko mimi. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba kule Lushoto, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingia kwenye friza ukiwa moto umeganda kabla ya ule uliopozwa kwanza. Akauliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, wakati ule ikiwa shule ya sekondari, akaja Profesa Denis Osborne kutoka Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama mbele ya wenzake akauliza kwa nini maji ya nyuzi 100 yanaganda kabla ya maji ya nyuzi 35. Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, alirudi Dar es Salaam akaagiza jambo lijaribiwe. Fundi wa maabara aliyepewa kazi hiyo alileta jibu kwamba maji ya moto kweli yametangulia kuganda, akaongeza kuwa ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi. Mimi niliyeshika glasi miaka mingi namwelewa sana fundi yule: jicho limeona na kichwa kinakataa. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika makala pamoja katika jarida la fizikia la Uingereza, na wanafizikia wanabishana juu ya jambo hilo mpaka leo.

Kilichompa Mpemba nafasi ni kwamba siku ile profesa alikuja Iringa. Njombe kwako hawaji mara kwa mara. Kwa siku mbili watakuwa chumba kimoja na wewe, wanakunywa chai kutoka birika moja. Hicho ndicho unachokilipia kwa akiba yako.

Sasa tupange. Kwanza hakikisha waandaaji ni watu wanaojulikana, maana siku hizi kuna mialiko ya kusifia sifia inayotaka ada tu, na mkutano wenyewe unachanganya kilimo, udaktari na uhasibu. Ukiridhika, wiki hii hii iandikie sekretarieti. Uliza ada ya watafiti vijana, uliza kama kuna msaada wa nauli, uliza mwisho wa kulipa ada ya mapema. Usione haya, fungu la namna hiyo mara nyingi huwa dogo na hupewa waliotangulia kuomba. Usilale kwenye hoteli ya mkutano. Nimeshaongea na mama mdogo wako wa Kimara, chumba kipo, na kutoka kwake ni mwendokasi moja kwa moja mpaka Posta uliko ukumbi. Basi litakushusha Mbezi Luis, hapo na Kimara ni karibu. Panda basi siku moja kabla ya ile unayodhani inatosha. Kutoka Njombe ni siku nzima barabarani, na lori moja likikwama kwenye mlima Kitonga, mnalala njiani. Tena mwili uliozoea baridi ya Njombe unahitaji usiku mmoja wa kuzoea joto la pwani. Ila beba mtandio mzito, kwa kuwa ndani ya kumbi zile kiyoyozi kinakufanya utetemeke kuliko hapa Uyole mwezi wa saba.

Bango lako nililiona kwenye simu. Nisamehe nikikuambia kwamba umeandika sana. Mtu anapita na kikombe mkononi, hatasoma aya sita. Weka kichwa cha habari kinachosema ulichokikuta, kwa mfano kwamba mbegu inayoonekana nzima imekutwa na mnyauko, kisha picha ya glasi yenye ule uzi mweupe, kubwa kabisa, kisha jedwali moja. Utangulizi utausema kwa mdomo. Herufi zisomeke kwa mtu aliyesimama hatua mbili nyuma. Libandike ukutani sebuleni ujaribu mwenyewe. Waulize waandaaji kama wanataka la kusimama au la kulala, maana karatasi ya A0 ina sentimita 84 kwa 119 na ubao usipolingana nalo utaaibika bure. Chapisha Njombe au Makambako kabla hujaondoka, kwenye kitambaa kama wanacho. Kitambaa unakikunja ndani ya begi, karatasi inataka bomba na inapata unyevu. Picha za wakulima wako wa Uwemba usiziweke kabla hawajakuruhusu wenyewe. Na nakusihi, usibebe kiazi chenye ugonjwa ukaonyeshe watu. Najua unavyopenda kuonyesha kitu kwa macho, lakini bakteria yule anasafiri kwenye udongo wa kiatu, sembuse kiazi kizima. Picha inatosha.

Kuhusu Kiingereza, hapo naona ndipo hofu yako ilipojificha, ingawa umeiita hela. Waeleze kwanza kazi yako wakulima wawili kwa Kiswahili, bila neno moja la kitabuni. Pale watakapokukatiza wakuulize, hapo ndipo penye shina la kazi yako. Kisha ligeuze lile shina kwa Kiingereza, sentensi nne, uziseme kwa sauti njiani kwenda kazini mpaka ulimi uzizoee. Kuna vigugumizi vingi kwenye kumbi zile, hata vya maprofesa, na hakuna anayevikumbuka jioni. Ukikutana na Mtanzania au Mkenya, uliza kwa Kiswahili, uzame naye mpaka mwisho.

Jioni ya kuamkia kongamano pitia ratiba, uweke alama kwa watu watatu tu ambao kazi yao inagusa yako. Swali la kila mmoja liandike kwenye daftari. Mkifika chai, usisimame na wenzako wa kutoka huku. Hao utaonana nao Makambako. Mfuate yule aliyesimama peke yake. Jitambulishe, sema unatoka Njombe, uliza. Akikupa jibu, andika palepale, na usiku huohuo mwandikie mistari mitatu ya kumshukuru, ukimkumbusha mlichozungumza. Barua pepe hiyo atajibu, kwa sababu sasa anakufahamu.

Pungufu la nauli nitalijazia mimi. Gunia mbili za viazi nimeziweka kwa ajili hiyo, usibishane nami.

Kuna jambo moja nakuomba uniwekee kwenye daftari, chini ya yale ya kwako. Sisi maabara tulijua baadaye kwamba joto ndilo linalomfichua bakteria, lakini mkulima hana chumba cha joto wala hana wiki za kusubiri. Mnunuzi amesimama na lori getini. Ukimpata mtu wa mnyauko, mwambie kuna fundi sanifu mstaafu wa Uyole anauliza: mwanamke wa Uporoto, mwenye kisu na glasi ya maji tu, atakijuaje kiazi kinachoumwa kimya kimya kabla hajakiuza kuwa mbegu?

Mama yako anayekupenda