Ala chache, wanafunzi wengi: ninunue nini kwanza?

Swali: Ninafundisha muziki sekondari. Shule imenitengea fungu dogo la kununua ala za kupuliza. Wanaotaka kujifunza ni wengi, ila nahofia watachoka na kuacha. Nianze na zipi?

Jibu: Mwalimu, usinunue ala moja moja ya kila aina. Chukua aina mbili tu zilizo kwenye B flati, yaani ukipuliza nota iliyoandikwa C, inayosikika ni B flati: tarumbeta na klarineti. Fungu likiruhusu, ongeza saksafoni ya tena (tenor). Zote husoma nota zilezile na sauti zikapatana, kwa hiyo ukurasa mmoja unatosha darasa zima. Saksafoni ya alto, ambayo wanafunzi huililia, iko kwenye E flati. Ukiileta sasa, kila wimbo utauandika mara mbili.

Tarumbeta lililotumika halina ubaya, ila lijaribu kabla hujatoa pesa. Bila kubonyeza vali ya kwanza (kitufe kilicho karibu zaidi na mpigaji), chomoa bomba lake kwa haraka. Likitoka kwa mlio wa "pop", vali bado inabana hewa. Likitoka kimya, huenda vali imelika, na kuitengeneza kunaweza kukugharimu zaidi ya ulivyolinunua. Bomba lililoganda lisikutishe sana, fundi hulifungua. Tenga pia pesa za mafuta ya vali na matete ya klarineti, vile vibao vyembamba vinavyotetema mdomoni. Nimeona klarineti nzima zikilala kabatini kwa kukosa tete tu!

Wanafunzi watatu wanaweza kutumia tarumbeta moja kwa zamu, lakini kila mmoja awe na kipande chake cha mdomoni. Ni usafi, na pia ni mazoezi: atakwenda nacho nyumbani akazoeze midomo kutoa mvumo, hata siku ambayo tarumbeta liko kwa mwenzake.

Kuhusu kuacha: nadharia isubiri. Nota tano, C hadi G, zinatosha kuanzia. Waulize wanaimba nini siku hizi, chukua kipande cha kiitikio, kipunguze kiingie kwenye nota hizo tano. Wapige pamoja tangu wiki ya kwanza, na wanaosubiri zamu washike mdundo kwa makofi au ngoma. Kwa maoni yangu, anayefungiwa peke yake na ukurasa wa mazoezi ndiye wa kwanza kutoroka. Kisha wapande jukwaani muhula huohuo, hata kwa dakika mbili, wakikosea wakosee. Tarehe yenyewe ibandike ukutani mapema, maana bila tarehe mazoezi hulegea.