Kuhusu "sorry": msimamizi wako amekuonea

Mleta mada ameeleza kwamba mgeni aliteleza kwenye ngazi za lodge anakofanyia kazi, akamwambia "sorry", mgeni akajibu "It's not your fault", yaani si kosa lako. Msimamizi akamsema mbele ya wenzake kwamba hajui Kiingereza, eti sorry ni ya mwenye kosa peke yake. Naona wengi humu mmemuunga mkono msimamizi. Mimi natembeza wageni, mlimani na hifadhi za kaskazini, na neno hili nalisikia kutwa nzima kutoka kwa watu wa kila taifa. Naomba nitofautiane nanyi.

Tuanze na chimbuko, maana hapo msimamizi anaanguka mapema. Sorry ni neno la Waingereza wenyewe tangu kale. "Pardon" na "excuse" walizitoa kwa Wafaransa, hii hapana. Kwenye Kiingereza cha kale lilikuwa "sarig", likitokana na "sar", yaani maumivu au kidonda. Hiyo "sar" ndiyo leo wanaiita "sore", ile ya koo likiuma. Kwa hiyo aliyejiita sarig alikuwa anasema roho inamuuma, basi. Habari ya kuomba radhi ilikuja baadaye sana. Na wale mnaodhani limezaliwa na "sorrow", huzuni, hapana: sorrow ilitoka kwenye "sorg", mzizi mwingine kabisa. Yalifanana kwa sauti na maana, sarig likavutwa na mwenzake hadi ile "a" ikageuka "o". Kichekesho ni kwamba "sehr" ya Wajerumani, ile ya "sehr gut", nayo ni ndugu wa sore. Wanasema nzuri sana, kumbe ndani mna maumivu.

Lakini chimbuko halimlazimishi mtu wa leo aseme vipi, kwa hiyo twende kwenye matumizi. Mwingereza akifiwa, rafiki zake humwambia "I'm sorry for your loss", na hakuna anayeuliza kama wao ndio walioua. Ukimwambia kwamba mama yako anaumwa, atajibu "I'm sorry to hear that". Maana ya kumpa mtu pole ipo, tena hai. Tofauti iko kwenye umbo. Wao wakitaka kutoa pole hutunga sentensi nzima. Wakiitupa "sorry" tupu, papo hapo tukio likitokea, masikio yao husikia mtu anayekiri kosa. Sisi tumeichukua hiyo hiyo tupu tukaipa kazi yote ya "pole". Si sisi tu. Wanigeria na Waghana nao husema hivyo hivyo, nimewatembeza na hatukupishana hata kidogo.

Njoo Ukuta wa Barranco, ule mwamba wa kupanda kule Kilimanjaro, asubuhi uone. Pale mnapanda kwa mikono na miguu, wagumu, yaani wabeba mizigo wetu, wanawapita na mizigo kichwani, na kila mgeni anagonga goti kwenye mwamba walau mara moja. Akigonga, sisi watano nyuma yake tunaitikia "sorry, sorry" kama kibwagizo. Mmarekani hugeuka akashangaa: "Why are you sorry?" Mwingereza yeye hufanya kituko zaidi: mgumu akimkanyaga, anayesema sorry ni yeye aliyekanyagwa! Siku hizi naanza na "pole" yenyewe na kuwaeleza maana yake tangu getini, na wanaipenda. Shida ndogo ni kwamba wameshafundishwa "polepole", kwa hiyo mtu akijikwaa ukamwambia pole, anapunguza mwendo.

Matumizi mengine nayapitia haraka. "Sorry?" ya kupandisha sauti ni sijakusikia, rudia. Ya kupenya kwenye foleni ni hodi. Ya katikati ya sentensi, "at six, sorry, seven", ni kujirekebisha. "Sorry, we're closed" ni kukunyima kwa adabu. Na ikikaa mbele ya jina inageuka kabisa: "a sorry state" ni hali ya kutia huruma, hoi, na hapo hakuna anayemwomba mtu radhi.

Huu utata wa kati ya pole na samahani umewahi kutumika hata na serikali. Tarehe 1 Aprili 2001 ndege ya kijasusi ya Marekani iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani Mchina, Wang Wei, akafa, na Wamarekani 24 wakashikiliwa. China ikadai iombwe radhi. Siku kumi baadaye balozi wa Marekani akapeleka barua yenye "very sorry" mara mbili. Wachina wakaitangaza kama kuombwa radhi, wakawaachia watu. Washington ikasisitiza kwamba hayo hayakuwa maombi ya radhi. Neno lile lile, kila mmoja akaondoka na maana yake.

Hapa jirani, Waingereza walilikwepa hata hilo. Mwaka 2013 waziri wao wa mambo ya nje, William Hague, alipotangaza malipo kwa Wakenya walioteswa wakati wa Mau Mau, alisema serikali "sincerely regrets", inajutia. Mfalme Charles alipofika Nairobi mwaka 2023 akataja "sorrow" na "regret". Waliokuwa wakisubiri radhi kamili hawakuipata. Mnaona jinsi wenye lugha wanavyolichunga? Sehemu yake ni hofu ya mahakama. England na Wales kuna sheria ya mwaka 2006 inayosema kuomba radhi peke yake hakuhesabiki kuwa umekiri uzembe. Isingetungwa kama watu hawakuwa wanaogopa kutamka.

Sasa dada, kwa kazi yako. Mgeni akianguka, tangulia na "Are you alright?" huku unamwinua, ndiyo wanayoitegemea. Ukipenda kuongeza sorry, ipe mwili: "I'm so sorry you slipped". Sakafu ikiwa ilikuwa imelowa na hapakuwa na kibao cha tahadhari, sorry tupu inatosha na inastahili, ila hiyo msimamizi ndiye angepaswa kuisema. Na "pole na kazi" au "pole na safari" usijaribu kuzigeuza kwa sorry, utamtisha mtu. Mwambie tu "You must be tired" umpe juisi yake.