Kabla hujamwambia mtu maziwa yake yana maji

Wadogo zangu wa fildi, juzi nilimsikia mmoja wenu akimwambia mzee wa watu "haya umeyachakachua" kabla hata povu halijatulia kwenye silinda. Nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

1. Kipimajoto kwanza. Laktomita zetu, kile kifaa kinachoelea kwenye maziwa na msomo wake ukishuka tunashuku maji, zimewekwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Kila nyuzi ikizidi hapo, ongeza 0.2 kwenye msomo, ikipungua, toa. Mnalijua, mmelifanyia mtihani. Hata mimi nililijua.

Mwaka wangu wa kwanza hapa kituo cha kukusanyia maziwa Njombe, mwezi Julai, ile baridi ya vidole kugoma kushika kalamu. Wenye baiskeli walifika na madumu yaliyopoa njiani: 29, 30, 29. Nikazoea, kipimajoto nikakiacha msumarini. Akaingia bibi wa nyumba ya tatu kutoka kituoni, ndoo kaifunika kwa khanga. "Kamwene, mwanangu." Nikatumbukiza laktomita: 26. Mbele ya foleni nzima nikamuuliza, bibi, bomba lenu leo linatoka? Watu wakacheka. Hakunijibu. Alifunga khanga yake juu ya ndoo, fundo mbili, akaondoka.

Jioni msimamizi akaniuliza swali moja tu: joto lilikuwa ngapi? Nikaangalia viatu vyangu.

Kesho yake alfajiri nilimfuata zizini na vifaa. Alinipa kamba ya ndama nishike, akaendelea kukamua bila kunitazama. Tulipofika kituoni maziwa yalikuwa nyuzi 32, laktomita 26 ileile. Haya, pigeni hesabu: 12 mara 0.2 ni 2.4, jumla 28.4. Sisi tunapokea kuanzia 28. Niliyarudisha maziwa mabichi kuliko yote ya siku ile, kosa lake kukaa karibu! Na asubuhi hiyohiyo nilimpokea jamaa mmoja na 30 yake safi, nikamsifu. Kumbe anaengua krimu, msomo unapanda, kisha anaushusha kwa maji. Kipimo cha mafuta ndicho kilichomuumbua baadaye.

Bibi alirudi kutuuzia baada ya wiki mbili. Mpaka leo ananiita Bwana Maji.

2. Koroga, lakini taratibu. Krimu ikielea juu ukachota hapohapo, au mapovu yakibaki, msomo unashuka bure.

3. Ukipima kwa alkoholi na maziwa yakaganda, usikimbilie kusema yamechacha. Uliza ng'ombe kazaa lini. Dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, nayo huganda, na ya ng'ombe mwenye kiwele kinachouma vilevile. Uliza kwa adabu, si kama askari wa barabarani.

4. Silinda ikae mezani, macho usawa wa maziwa. Nani aliwafundisha kusomea kwenye goti?

Na yule mzee wa juzi, nilimkuta getini nikampimia upya: nyuzi 31, msomo 26.5. Anakaa nyuma ya kanisa. Aliyemfukuza anajijua, kesho aende kwake kabla ya kukamua, kamba ya ndama ataikuta hukohuko.