Ule ni mvuke wa kweli

Ndugu, umeuliza kama vile vitreni vya bustanini Uingereza ni vya betri na moshi wake wa kuigiza. Vya betri vipo, ila siku wenye vitreni hivyo wanapokutana kuviendesha, huwasha mvuke hasa. Boila, yaani tangi la kuchemshia maji, ni ya shaba, na wengi hutumia gesi ya butani, ile ya kujazia viberiti. Maji yawe yasiyo na chumvichumvi, la sivyo ndani hushika ukoko kama birika. Ukishawasha, dakika chache tu valvu ya usalama, ile inayotoa mvuke ukizidi, inafoka, treni hiyo inaondoka kwenye reli za upana wa milimita 32 au 45. Gesi hupimwa iishe kabla ya maji, maana boila ikikauka motoni huharibika. Ikizimika, watu wanakunywa chai huku injini inapoa ijazwe tena.