Picha safi, kichwa bado kinauma, kazi imeota mbawa: majibu ya maswali yenu

Maswali ya walioumia kichwa kazini yamekuwa mengi mno, nimechagua machache. Nazungumzia Tanzania Bara. WCF ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaolipa walioumia kazini, na CMA ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi.

Kaka habari. Niko godauni Vingunguti, boksi liliniangukia kichwani mwezi wa pili. Sikuzimia ila niliona giza. CT-Scan ikaja safi. Mpaka leo kichwa kinagonga, nasahau hesabu za mzigo, makelele ya folklifti siyawezi. Bosi anasema najifanyisha kwasababu picha haina kitu.

Hii picha safi imewaponza wengi jamani. CT-Scan inatafuta damu iliyovuja na fuvu lililopasuka, basi. Mtikisiko wa ubongo hauonekani pale na wala sio lazima uzimie ndo uwe umeupata. Wengi wanapona ndani ya wiki mbili mpaka mwezi, ila wapo ambao unawakalia miezi, na hao ndo wanaoitwa waongo.

Rudi hospitali, na safari hii usiseme tu "kichwa kinauma" ukapewa Panadol ukaondoka. Mwambie daktari ajali ilikuwa kazini, tarehe ngapi, nini kilikuangukia, alafu hakikisha anaandika dalili zote kwenye faili: kusahau, kizunguzungu, usingizi, mwanga, makelele. Nyumbani nunua daftari uwe unaandika kila siku, kitu kama "Jumanne saa nne, taa za stoo zimenichoma macho, nimetapika, nimehesabu mzigo mara tatu kila mara jibu tofauti". Daftari la hivyo daktari anayepima ulemavu anaweza kulifanyia kazi, lakini "naumwa sana" hata ungekuwa wewe ungeipimaje?

Mwajiri akishapata taarifa ya ajali ana siku 7 kuipeleka WCF. Wewe una miezi 12 tangu siku ya ajali, ikipita hapo haki imekufa. Bosi akikuzungusha nenda mwenyewe ofisi za WCF. Na majina na namba za walioona boksi linaanguka ziandike leo, maana vibarua wa godauni wiki ijayo wako kwingine.

Mtu wa HR kaniambia niandike barua ya kuacha kazi kwa hiari, watanipa kifuta jasho na nikipona watanirudisha. Nisaini?

USISAINI. Nimelisema hili mpaka sauti imekauka na bado kila wiki mtu ananiletea barua ameshasaini, anauliza afanyeje.

Ukiacha kazi kwa hiari yako, huko CMA utaanza kwa kuthibitisha kwamba ulilazimishwa, na hiyo ni kazi ngumu. Fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nalo haliendi kwa mtu aliyejiachia kazi mwenyewe. Na hiyo ahadi ya kurudishwa, mwambie aiandike kwenye karatasi yenye muhuri wa kampuni uone kama ataandika.

Sheria ya kazi inakupa likizo ya ugonjwa siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Ila lazima uwe na cheti cha daktari, kwahiyo kila ED (karatasi ya daktari ya kukupumzisha kazi) unayopewa piga picha kabla hujaipeleka ofisini. Na hata siku zikiisha mwajiri hawezi kukuamkia tu asubuhi akasema nenda. Anatakiwa aangalie chanzo cha ugonjwa na ukubwa wake, akae na wewe chini muongee, atazame kama kuna kazi nyepesi unayoweza. Kama uliumia kwenye kazi yake ndo kabisa anatakiwa ahangaike zaidi. Wakikuachisha bila hayo una siku 30 kufungua mgogoro CMA. Thelathini, sio "nikipata nafuu". Kama kichwa hakitulii mtume ndugu akusaidie kujaza fomu, ila usiache siku zipite, ukichelewa inabidi uombe kuongezewa muda na utoe sababu.

Nimeambiwa nikae chumba cha giza mwezi mzima bila simu.

Hapana, ushauri huo umepitwa. Siku moja mbili za kupumzika, alafu unarudi taratibu, kutembea kidogo, kazi kidogo, dalili zikizidi unapunguza. Kupanda ngazi au kuendesha mashine subiri daktari aruhusu, kichwa ambacho hakijapona kikigongwa tena ni hatari. Na ukiona mtu anatapika mfululizo, anasinzia haamshiki, degedege, au mboni za macho hazilingani, hiyo ni hospitali muda huohuo, usiku wowote.

Kichwa kinauma, nitalipwa sh ngapi?

Swali hili bila mshahara, bila tarehe, bila ripoti ya daktari nimelipata mara nyingi mno na sitakupa namba ya kukufurahisha. Ukiwa bado unatibiwa na huwezi kazi, WCF inalipa asilimia 70 ya mshahara, mwisho miezi 24. Ukibaki na ulemavu wa kudumu unapimwa, ukizidi asilimia 30 ni pensheni ya kila mwezi, 30 kushuka chini ni mkupuo, yaani unalipwa mara moja tu. Hayo yanategemea mshahara ulioandikwa, kwahiyo nyie mnaokubali nusu ya mshahara iandikwe na nusu mpewe mkononi, mjue na fidia itafuata hiyo nusu.

Mimi ni bodaboda, gari ilinigonga, sina mwajiri.

WCF ni ya walioajiriwa, kwahiyo wewe ni PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), namba ya gari, na bima ya aliyekugonga. Usikubali kumalizana barabarani kwa elfu hamsini, kichwa kinaanza kusumbua kesho yake.

Kuna jamaa anasema ana watu WCF, anataka laki mbili aharakishe.

Tapeli. Kudai ni bure.

Shikamoo kaka. Mume wangu tangu aumie na kuachishwa kazi hasira zimezidi, anafokea watoto, halali, hataki kuongea na mtu. Ndugu zake wanasema ni uvivu.

Marahaba dada yangu, na pole sana. Hasira, kukosa usingizi na kujitenga ni sehemu ya jeraha lenyewe, na juu yake kuna mwanaume aliyezoea kuleta unga nyumbani sasa anaombwa hela ya daftari hana. Nenda naye kliniki na uongee wewe, maana wengi wao wakiulizwa wanasema "niko poa". Umwambie daktari anavyokuwa usiku, na hilo nalo liandikwe kwenye faili. Akianza kusema maisha hayana maana usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Pombe aiache kabisa kwasasa. Redio ya sebuleni punguzeni, watoto wacheze nje akiwa amelala, na mpe kazi ndogo anayoweza kuimaliza. Simu yake pia iangalie, mtu asiyelala na asiye na hela ndo anayebonyeza mikopo ya mtandaoni saa nane usiku, na kausha damu, hao wakopeshaji wa riba kubwa, hawamuulizi mtu kama kichwa kimetulia. Hao ndugu zake mchague mmoja, hata shemeji, aende naye kliniki siku moja amsikie daktari mwenyewe.