Kamaliza kidato cha tatu Bongo, hai skuli ya Texas imemuweka gredi ya 9: nini cha kudai na kwa karatasi zipi

Mkuu, umeuliza kwa nini mdogo wako wa miaka 16, aliyemaliza kidato cha tatu Mwanza na kuingia Texas kwa green card, kawekwa gredi ya 9 na ESL (madarasa ya Kiingereza kwa wageni) juu yake, na kama mkubali yaishe. Msikubali haraka. Ila kabla hujaenda kuvutana na kaunsela, jua anachoangalia. Haangalii umri wala kidato, anaangalia krediti. Kila somo lina nusu krediti kwa muhula, na mtoto anapanda gredi kadiri krediti zinavyoongezeka. Faili likisoma sifuri, yuko gredi ya 9 hata kama ana ndevu.

Diploma ya kawaida ya Texas ni krediti 22: Kiingereza 4, hesabu 3, sayansi 3, masomo ya jamii 3, lugha nyingine 2, michezo 1, sanaa 1, na 5 za kujichagulia. Akichukua mchepuo (sayansi na teknolojia, biashara na viwanda, huduma za jamii, sanaa, au mchanganyiko) zinakuwa 26. Juu yake kuna mitihani mitano ya jimbo ya STAAR: Aljebra I, Baiolojia, Kiingereza I, Kiingereza II na Historia ya Marekani. Krediti ya nyumbani ikishakubaliwa, uliza wilaya ya shule kama bado anadaiwa mtihani wa somo hilo. 

Sasa karatasi. Mkusanyie ripoti za mihula yote kuanzia kidato cha kwanza, zenye mhuri, na matokeo ya kidato cha pili ya NECTA (baraza letu la mitihani). Barua ya mkuu wa shule iseme kila somo lilikuwa na vipindi vingapi kwa wiki na dakika ngapi, maana krediti hapa msingi wake ni saa za darasani. Ripoti zilizoandikwa kwa Kiingereza hazihitaji kutafsiriwa. Wenzetu wa Kongo wenye ripoti za Kifaransa ndio wanaotakiwa kuzitafsirisha.

Panapoumiza watu wengi zaidi ni alama. Kwetu sekondari A inaanzia 75, B 65, C 45, D 30. Texas kufaulu ni 70. Kijana aliyepata 62 ya kemia ana C nzuri tu kwa NECTA, lakini msajili wa shule hapa anaona 62 na kuandika amefeli, krediti hakuna. Huyo msajili hana ubaya, hajawahi kuona viwango vyetu. Kwa hiyo barua ya mkuu wa shule lazima iwe na jedwali la viwango, na iseme wazi kwamba C na D ni kufaulu. Lipeleke jedwali pamoja na ripoti siku hiyohiyo, kwa sababu krediti zikishaingizwa kwenye mfumo, kuzirekebisha ni kazi ya wiki nyingi. Na anayeziingiza ni msajili. Kaunsela anapanga ratiba tu. Ongea na wote wawili.

Mtego wa pili ni jina la somo letu, Basic Mathematics. Huku neno "basic" linanuka somo la wanaosuasua, kwa hiyo kaunsela anampa Aljebra I au chini yake. Hesabu za huku zimekatwa vipande: Aljebra I mwaka mmoja, Jiometria mwingine, Aljebra II, kisha Prikalkulasi. Kwetu vyote vinakwenda pamoja kidogokidogo. Aliyemaliza kidato cha tatu ameshakutana na milinganyo ya kwadratiki, logarithimu, trigonometria, pembetatu zinazofanana, nadharia za duara, mifuatano na vitendaji. Hiyo ni Aljebra I yote, sehemu kubwa ya Jiometria, na vipande vya Aljebra II. Chapisha mada za muhtasari wa kidato cha kwanza hadi cha tatu uzipeleke.

Wakigoma, omba kwa maandishi krediti kwa mtihani, wenyewe wanaita CBE. Mwanafunzi aliyewahi kufundishwa somo hilo anahitaji 70, asiyewahi kufundishwa anahitaji 80. Sisitiza kwamba yeye aliwahi kufundishwa. Kinachowaangusha vijana wetu hapo ni vitu vidogo: kikokotoo cha kuchora grafu ambacho hawajawahi kukishika, maili na pauni, na maswali marefu ya maneno. Wiki mbili tatu za kujifua na kikokotoo zinatosha kwa mtoto aliye vizuri kwenye hesabu.

Kwa nini nakomaa na hesabu? Texas ina sheria tangu 1997 ya kuwaingiza moja kwa moja vyuo vikuu vya umma walio asilimia 10 ya juu ya darasa lao (UT Austin wana kiwango chao kikali zaidi). Ili astahili, diploma yake inatakiwa iwe ya daraja la juu: hesabu nne na Aljebra II ikiwemo, sayansi nne, na mchepuo. Akianza Aljebra I akiwa na miaka 16, njia hiyo inabana sana.

Kiswahili nacho ni krediti. Zile mbili za lugha nyingine zinaweza kupatikana kwa ripoti zinazoonyesha alisoma Kiswahili kama somo, au kwa mtihani. Mtihani wa STAMP una Kiswahili na baadhi ya wilaya za shule zinautumia. Asikae darasa la Kispania miaka miwili kwa sababu hakuna aliyeuliza.

ESL usiikimbie. Wazazi wengine wanajaza fomu ya lugha ya nyumbani "Kiingereza" ili mtoto asipelekwe huko, kisha anakosa msaada wa lugha kwenye STAAR. Mgeni ambaye Kiingereza chake kiko ngazi za chini anaweza kusoma ESOL I na II (Kiingereza cha wenye lugha nyingine) badala ya Kiingereza I na II, na krediti zinahesabika. Mzazi ana haki ya kukataa huduma, lakini mtihani wa TELPAS, wa kupima Kiingereza chake, atafanya kila mwaka mpaka atolewe rasmi kwenye orodha ya wanaojifunza Kiingereza. Cha kukataa ni kumjaza madarasa ya ESL yasiyohesabika kwenye zile krediti nne za Kiingereza.

Kama anacheza basketi, hapo gredi inageuka suala la umri. UIL, chama cha michezo ya shule, hairuhusu aliyefikisha miaka 19 kufikia Septemba 1. Mwenye 16 anayeanza gredi ya 9 Agosti hii atakuwa ameshatimiza 19 akiingia gredi ya 12, mwaka ambao makocha wa vyuo wanatazama. Na akipata chini ya 70 somo moja, anasimama wiki tatu.

Programu za ufundi ziko vizuri kuliko watu wanavyodhani: uchomeleaji, magari, afya. Ile ya uuguzi msaidizi, CNA, ni saa 100 kwa Texas, 60 za darasani na 40 kwa wagonjwa, na akifaulu mtihani wake anatoka na sifa ya kuajiriwa. Kabla ya kuingia wodini watataka kipimo cha kifua kikuu. Chanjo yetu ya BCG inaweza kuufanya mkono uvimbe kwenye kipimo cha ngozi, kwa hiyo ombeni cha damu. Chanjo nyingine angalieni MMR: ya nyumbani ni surua na rubela, haina matumbwitumbwi, na tetekuwanga haimo kabisa kwenye ratiba yetu. Kama alichanjwa kwa daktari wa viza, nakala ya fomu ile inatosha kuanzia.

Mahudhurio: chini ya asilimia 90 ya siku za somo, krediti inazuiwa hata kama amefaulu. Msimkatie tiketi ya kwenda Mwanza katikati ya muhula.

Na maombi yote ya kubadilisha ratiba yaende kwa barua pepe wiki ya kwanza, maana dirisha la kubadili masomo hufungwa mapema. Mama akitaka kuhudhuria kikao, shule ndiyo inayotafuta mkalimani wa Kiswahili, bure. Semeni siku kadhaa kabla.