Shangazi, nina miaka 56 na nacheza gemu kwa kujificha

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mhasibu hapa Morogoro, nina miaka 56. Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, kijana wetu Sele alinifundisha kucheza mpira kwenye PlayStation yake. Nilianza kwa kumsindikiza tu, mwisho ikawa ndiyo starehe yangu. Sele alipokwenda chuo Dodoma aliondoka na mashine yake, nami nikaanza kwenda kibanda cha gemu mtaa wa tatu. Mechi moja shilingi 500, anayefungwa anapisha. Nyumbani naaga kwamba nakwenda kucheza bao na wazee wenzangu.*

*Juzi tulikuwa sokoni na mke wangu, mtoto mmoja akapaza sauti: "Mzee Mabao, marudiano lini?" Mke wangu hakuuliza kitu, ila tangu siku hiyo ananitazama kwa jicho la pembeni. Miezi miwili iliyopita nilinunua mashine ya mtumba kwa shilingi 450,000, hela nilitoa kwenye akiba ya kikoba ambayo mke wangu huniachia nimtunzie. Mashine nimeificha ofisini. Shangazi, mtu mzima kucheza gemu si aibu? Niache?*

*Baba Sele, Morogoro*

Marahaba, Baba Sele, ingawa kwa umri huo huenda tunapishana miezi tu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilicheka peke yangu pale kwenye bao. Yaani umeuficha mchezo nyuma ya mchezo! Marehemu baba yangu alikuwa akikaa barazani tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi, ameinamia mashimo 32 na kete 64, anabishana na mzee mwenzake kama kete imelala au haijalala. Hakuna aliyemwona kuwa ni mtoto. Mwalimu Nyerere naye alipenda bao, na sijasikia mtu akisema lilimshushia heshima. Tofauti ya baba yangu na wewe ni kwamba yeye alichezea mlangoni, kila mpita njia akimwona.

Kwa hiyo aibu ya umri iweke kando. Gemu ya kwanza ya FIFA ilitoka mwaka 1993, nawe ulikuwa kijana wa ishirini na kitu. Waliokesha nayo wakati ule leo wana mvi kama zako. Japani yuko bibi aitwaye Hamako Mori, ambaye mwaka 2020, akiwa na miaka 90, Guinness, wale wa kitabu cha rekodi za dunia, walimtambua kuwa mwenye umri mkubwa kuliko wote wanaoendesha chaneli ya gemu YouTube. Anacheza hata zile za risasi.

Usije tu ukamwambia mama Sele kwamba unafanya mazoezi ya ubongo. Kweli, mwaka 2013 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa watu wa miaka 60 hadi 85 waliocheza gemu ya kuendesha gari kwa jumla ya saa 12 ndani ya mwezi, na wakaimarika katika kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Lakini gemu hiyo ilitengenezwa na watafiti kwa kazi hiyo hasa. Haikuwa mechi ya kibandani ya shilingi 500. Wewe unacheza kwa sababu unafurahi, na hiyo ni sababu tosha.

Sasa tuje kwenye lililonifanya niiweke kalamu chini kidogo. Aibu umeieleza kwa kirefu, ila hela za kikoba umezipitisha kwa sentensi moja, katikati, kama mtu anayepita msibani na redio mkononi. Wewe ni mhasibu. Mteja wako akichukua fedha alizokabidhiwa akanunulia kitu chake, kwenye vitabu vyako unaiandika kwa jina gani?

Na mke wako unadhani anawaza nini? Mume anachelewa kurudi, bao halina mtu aliyemwona analicheza, akiba haitoshi, kisha sokoni anaitwa kwa jina asilolijua yeye. Mwanamke yeyote wa Morogoro mpaka Kigoma hapo hafikirii PlayStation. Anafikiria nyumba ndogo. Kila siku unayokaa kimya unamwachia aendelee kumjenga huyo mwanamke asiyekuwepo, na atamjenga mzuri kuliko yeye.

Mwambie wiki hii. Anza na hela, gemu ije baadaye, maana ukianza na gemu atacheka, halafu ukitaja hela ataona ulimchekesha makusudi. Mwambie kiasi kamili, na umweleze utakavyozirudisha. Akikasirika, kasirikiwa. Usimjibu kwamba "hata wewe una vitenge".

Mashine itoe ofisini uilete sebuleni. Kitu kilicho sebuleni kina mipaka yake: taarifa ya habari ikifika utapisha, wageni wakija utazima. Kaa mbali na runinga, vaa miwani yako, na kwenye mipangilio angalia kama unaweza kukuza maandishi. Inuka kila baada ya mechi mbili, magoti yetu si ya kukunjwa saa tatu mfululizo. Watoto wa kibandani watakushinda kwa wepesi wa vidole, hilo likubali. Punguza kasi ya mchezo ukiwa unacheza peke yako.

Uliuliza kama uache. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya maradhi inayotumika tangu 2022, na dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, gemu kutangulia mambo mengine yote, na kuendelea hata madhara yakionekana, kwa kawaida kwa muda wa mwaka au zaidi. Kwa ulivyoniandikia sikuoni humo. Ila kuchukua hela isiyo yako ni mguu mmoja mlangoni. Likijirudia, muone daktari, usiniandikie mimi.

Jambo moja hukuniuliza. Ulijifunza na Sele, na kibanda ulianza kukitafuta Sele alipoondoka. Je, yeye anajua kwamba bado unacheza? Mkiwa na gemu ileile, mashine zinazolingana, bando la intaneti na usajili wa kulipia wa PlayStation pale unapohitajika, baba wa Morogoro na mwana wa Dodoma wanaweza kucheza mechi Jumamosi usiku, huku mnasikilizana kwenye simu. Mpigie. Hata kama mtaongea mpira tu.

Vikoba vingi huvunjwa Desemba. Ukianza kurudisha mshahara huu, mgao wa mama Sele utakuta hesabu iko sawa.

Shangazi